Chupa ya Mkurugenzi

Kila siku saa kumi kasoro robo alasiri, Chiriku aliingia nyumbani, akatupa mkoba wa shule kitandani, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akaanza kazi aliyoichukia kuliko kusugua masufuria. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa ajili ya wingi wa maneno. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yenyewe ilikuwa kumfundisha mdogo wake kunywa maziwa kwa chupa.

Huyo mdogo hakuwa ametimiza hata miezi mitatu, lakini nyumbani walimwita Mkurugenzi. Hakufanya kazi yoyote, alipiga makelele, na watu wazima walikimbia huku na kule kumridhisha.

Jumatatu iliyokuwa mbele yao, mama alitakiwa kurudi kazini. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, na kazi yake ilikuwa kola. Mwenzake wa kushoto alimpa shati lisilo na shingo, yeye akalitia kola, akampa wa kulia. Mshona kola akikosekana, mashati yanarundikana upande mmoja, na upande wa pili watu wanakodoleana macho. Msimamizi alikuwa amekwisha kumwambia, "Jumatatu saa moja kamili. Usipoonekana, kola zitapata mtu mwingine." Alimwambia hivyo mama mwenye kichanga mkononi, kwa sauti ile ile anayoitumia kuagiza vifungo.

Lakini mtoto hajui msimamizi ni nani. Muuguzi wa kliniki alimweleza mama vizuri: "Anza wiki nzima kabla. Kamua maziwa yako, mtu mwingine ampe, na wewe utoke nje kabisa, maana akisikia harufu yako atagoma. Akiikataa chupa, njooni haraka mniambie. Iko njia nyingine." Chiriku alikuwepo, akasikia kila neno. Yale ya mwisho yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Baba yao, dereva wa lori, alikuwa safarini. Bibi, mzaa mama, ndiye angekaa na mtoto, lakini angefika Jumapili. Kwa hiyo kazi ikamwangukia Chiriku.

Siku ya kwanza, mama alipasha maziwa kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, akamkabidhi, akaenda kwa jirani yao fundi viatu kukaa kibarazani. Chiriku akampakata Mkurugenzi na kumtia chuchu ya mpira mdomoni. Mkurugenzi akaitafuna kidogo kwa fizi, akakunja uso, akaitema.

"Nani kakwambia utafune? Nyonya!"

Akamtilia tena. Maziwa yakateremka kidevuni, yakaingia shingoni, na Mkurugenzi akafungua kinywa mpaka koo lote likaonekana. Yowe lililotoka humo liliwafanya kuku wa uani watawanyike.

"Jamani, nimekukosea nini?" Chiriku alimfokea, naye machozi yanamlengalenga. "Ni maziwa ya mama yako haya haya!"

Huko nje, binti wa kinyozi na wenzake walikuwa wakiruka kamba. Ijumaa palikuwa na mashindano ya madarasa, na Chiriku ndiye aliyekuwa na miguu myepesi kuliko wote. "Chiriku!" binti wa kinyozi aliita dirishani. "Unatoka, au ndiyo umeshakuwa mama wa watoto?" Wote wakaangua kicheko.

Mama naye akapaza sauti kutoka kibarazani, "Anakunywa?"

Chiriku aliitazama chupa. Ilikuwa imejaa. Akamtazama Mkurugenzi, macho mekundu kama nyanya.

"Anakunywa!" alijibu.

Akamwaga maziwa kwenye karo, akafungulia bomba mpaka weupe wote ukaondoka. Mama alipoingia na kuiona chupa tupu, aliketi.

"Yote?"

"Amemaliza yote, mama."

"Mwanangu, umeniokoa. Hujui tu ulivyoniokoa." Akamnyonyesha Mkurugenzi, naye akanyonya kwa pupa kama mtu aliyefungiwa siku tatu. "Mlafi huyu! Chupa nzima na bado!"

Uongo ule ulikuwa rahisi kuliko mtoto. Jumanne Chiriku alijaribu mara mbili, akamwaga. Jumatano alijaribu mara moja. Kuanzia Alhamisi hakujaribu kabisa; alimlaza Mkurugenzi kitandani, akamwimbia kidogo, akamwaga, akatoka kuruka kamba. Mama akamsimulia fundi viatu, akampigia bibi simu kumsimulia, na mtaa mzima ukaanza kumwita Chiriku "mwalimu wa chupa".

Asubuhi ya Ijumaa, akitafuta soksi, Chiriku aliingia chumbani kwa mama bila kubisha. Mama alikuwa amejikunja ukingoni mwa kitanda, bakuli limeegemea kifua, anakamua kwa mkono. Tone. Tone jingine. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Umeanza saa ngapi, mama?"

"Tangu ulipoamka kuchemsha chai."

Chiriku akachungulia bakuli. Maziwa hayakufika hata nusu. Kumbe chupa moja ndiyo hiyo, asubuhi nzima na mgongo uliopinda! Na yeye alikuwa akiifungulia bomba kwa nusu dakika. Neno likamfika kooni.

"Usinihurumie," mama alisema kabla hajafungua mdomo. "Nikijua kwamba anakunywa, maumivu hata siyasikii."

Chiriku akalimeza lile neno, akaenda shule. Darasa lao lilishinda mashindano, na yeye peke yake hakushangilia.

Jumapili bibi akafika. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kumbukumbu ya kuudhi. Alikuwa ameshona mifuko ya mashati katika kiwanda hicho hicho kwa miaka kumi na tisa, na angeweza kukwambia siku, mwezi na rangi ya tai aliyovaa meneja siku alipowafungia choo wafanyakazi. Alimpokea Mkurugenzi, akampima kwa mkono. "Mwalimu wa chupa," alimwambia Chiriku, "kesho nitakuona ulivyofanya kazi."

Chiriku hakula chakula cha usiku.

Jumatatu alipotoka shule kwa mapumziko ya mchana, alimsikia Mkurugenzi kabla hajafika kona. Si kilio cha kawaida. Sauti ilikuwa imekwaruza, inakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, baiskeli mkononi.

"Tangu saa tatu," fundi alisema. "Mimi nimejigonga kidole kwa nyundo mara nne. Mtoto huyu ana king'ora tumboni!"

Ndani, bibi alikuwa akimfunga Mkurugenzi shali. Chupa ilikuwa mezani, imejaa. "Huyu mgonjwa," alisema bila kugeuka. "Mtoto aliyekuwa akimaliza chupa wiki nzima, leo hataki hata tone? Ni koo huyu, au masikio. Fundi, panda baiskeli, nenda kwenye geti la kiwanda, mwambie mlinzi amwite mshona kola. Mwambie mtoto wake mahututi."

"Wakimtoa siku ya kwanza watamfukuza, bibi," alisema fundi.

"Si najua! Unadhani sijui? Lakini kazi na mtoto, kipi?"

Fundi akageuza baiskeli, mguu ukakanyaga pedali.

"Fundi, usiende! Bibi, si mgonjwa!"

"Umeanza lini udaktari?"

"Hajawahi kunywa." Sauti ilimtoka ndogo. "Hajawahi kunywa chupa, bibi. Hata siku moja. Nilikuwa nikimwaga."

Bibi alimtazama Chiriku kwa namna ambayo Chiriku aliona afadhali angepigwa.

"Ulimwaga wapi?"

"Kwenye karo."

"Maziwa ya mama yako. Kwenye karo." Bibi akafumba macho, akahesabu pumzi. "Haya, hasira nitakudai baadaye, sasa hivi sina nafasi nazo. Muuguzi alisemaje? Neno kwa neno."

Na hapo ndipo maneno yaliyotokea sikio la pili yalipomrudia Chiriku. "Alisema tukienda kumwambia kwamba ameikataa chupa, iko njia nyingine."

"Na hukwenda."

"Sikwenda."

"Fundi, shuka kwenye baiskeli. Twende kliniki."

Walipokuwa wakiondoka, bibi aliimwaga ile chupa iliyokaa mezani tangu asubuhi, maana maziwa yakikaa sana kwenye joto yanaharibika, akachukua maziwa mengine kutoka kwenye friji ndogo.

Kliniki ilikuwa mtaa wa pili. Muuguzi aliwasikiliza, akampima Mkurugenzi joto, akamtazama koo na masikio. "Mzima. Ana njaa na ana hasira, na yote mawili ni haki yake." Akachukua kikombe kidogo kilichochemshwa, akatia maziwa yaliyopashwa, akamkalisha Mkurugenzi wima mapajani. "Usimmiminie, atapaliwa. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, usubiri. Mwache avute mwenyewe."

Mkurugenzi alikunja uso. Akatoa ulimi. Akaonja. Akatoa tena, kama paka mbele ya sahani, na macho yakamtoka kwa mshangao wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akidhulumiwa.

"Watoto wengi wanaokataa chupa hukubali kikombe," muuguzi alisema. "Tena kikombe ni rahisi kuosha. Ningewaonyesha Jumanne iliyopita, kama mtu angekuja kuniambia ukweli."

Chiriku aliinamisha kichwa. Alirudi nyumbani akiwa amekibeba kikombe kwa mikono miwili.

Mama alirudi jioni, blauzi imelowa kifuani kwa maziwa yaliyomjaa kutwa nzima bila mtu wa kuyanyonya. "Mkurugenzi wangu amekunywa?" aliuliza mlangoni. Bibi alimtazama Chiriku.

Chiriku akasema yote, tangu siku ya kwanza, bila kuruka hata tone. Mama alimsikiliza akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule wa kukamulia, ambao kidole gumba kilikuwa kimevimba.

"Kila nilipochoka," alisema, "nilikuwa nikijiambia, kaza, mwanao anakunywa."

Chiriku akalia. Hakuna aliyemkataza.

Bibi ndiye aliyesimama. Akafungua mkoba wake wa safari, akatoa bahasha iliyochakaa. "Wiki iliyopita nilikuuliza kwenye simu, binti yangu, kama mtoto ana shida. Ukaniambia anakunywa kama pampu. Nikasema basi, mambo shwari, karatasi hii nisikusumbue nayo. Soma."

Ilikuwa tangazo la kiwanda, lenye muhuri na sahihi: kila mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku, mtoto aletwe getini, na chumba kitengwe.

"Tuligoma siku mbili kwa ajili ya karatasi hiyo," bibi alisema. "Cherehani zote kimya. Wakakubali, wakabandika tangazo ukutani. Baadaye wakapaka ukuta rangi, na tangazo halikurudi. Sisi tuliolijua tukastaafu, ninyi mlioajiriwa baadaye hamkujua kuna cha kudai. Chumba chenyewe walikijaza cherehani mbovu kabla sijastaafu. Cherehani mbovu zina chumba, watoto hawana! Nakala yangu niliitunza, kwa sababu nawajua."

Kesho yake mama hakwenda na karatasi peke yake. Katika mstari wao walikuwamo wanawake wengine watano wenye watoto wanyonyao, na kila mmoja alikuwa akijificha chooni kukamua, akidhani ni shida yake binafsi. Walisimama mbele ya msimamizi wote sita. Msimamizi alisema hajui lolote, akasema karatasi ni ya zamani, akasema atauliza. Wakamwambia aziulize cherehani zilizolala chumbani. Ilichukua siku tatu na maneno mengi, lakini Ijumaa cherehani mbovu zikatolewa, vikaingizwa viti.

Jumamosi, kiwanda kikiwa kazini, bibi na Chiriku walimpeleka mtoto.

"Mnamtaka nani?" mlinzi aliuliza getini.

"Tumemleta Mkurugenzi," alisema Chiriku.

Mlinzi aliruka kutoka kwenye kiti, akavaa kofia, akafungua geti zima, halafu akaona kilichokuwa kwenye shali. Bibi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha, wakimsubiri mama, akaacha kucheka.

"Sikiliza, Chiriku. Hasira zangu niliahidi kukudai, nakudai sasa. Kushindwa kumlisha mtoto si kosa. Wakubwa wanashindwa. Kosa ni kusema 'tayari' wakati si tayari. Hicho kiwanda kimejaa watu wanaoandika kila siku kwamba mambo yote yako sawa, na kwa ajili ya kalamu zao watu wanaumia bila kusaidiwa. Shida uliyoificha haina daktari, wala haina wa kuipigania. Ungesema Jumanne, muuguzi angeleta kikombe Jumanne, na mimi ningemsomea mama yako karatasi kwenye simu Jumanne. Ukishindwa, sema umeshindwa, tena sema mapema, tena kwa sauti. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

Mama akaja mbio kutoka ndani, vipande vya uzi vimemganda nyweleni, akampokea mtoto.

"Amekunywa asubuhi?"

"Nusu kikombe," Chiriku alijibu. Akageuka kumwonyesha bega. "Nusu iliyobaki ni hii hapa, kwenye shati langu."