Nyuzi Tano Zilizozidi

Kila asubuhi Gultaj aliwasha tanuri, akaoka mkate, kisha akaketi kufuma na bintiye Maral. Zamani waliketi watatu. Binti mkubwa, Jeren, alichukuliwa na Haji Nurberdi, tajiri wa mazulia pale Andkhoy. Zulia la kwanza liliharibika, maua ya ukingoni yakatoka nusunusu. Haji akadai Jeren akafume kwake kufidia sufu aliyowapa.

"Na la pili likiharibika, namchukua mdogo," alisema.

Sasa Gultaj alikuwa ametandika mtande mpya, zile nyuzi ndefu zinazobeba zulia. Aliupima kwa shibiri, kama mara ya kwanza. Kwao, kuhesabu kitu kisichokamilika ni kukiitia jicho baya.

Jirani yake Ogulsapar akaja kuomba kaa la moto. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla shule haijafungwa.

"Nyuzi ngapi hizi, Gultaj?"

"Sihesabu, dada. Wataka nimpoteze na huyu?"

"Yule wa kwanza ulimpoteza bila kuhesabu."

Gultaj alikasirika, nusura amfukuze. Halafu akamwita Maral. Wakahesabu kumikumi. Zilikuwa elfu moja na kumi na tatu.

"Ua lako linakula nyuzi thelathini na sita," alisema Ogulsapar. "Jumla lazima igawanyike kwa thelathini na sita, kisibaki kitu."

"Namba kubwa hivi naigawaje?" aliuliza Gultaj.

"Thelathini na sita ni tisa mara nne. Anza na tisa. Jumlisha tarakimu zake. Moja, sifuri, moja, tatu."

"Tano," alisema Maral.

"Basi haigawanyiki kwa tisa. Tena ni witiri, kwa mbili haigawanyiki. Hii ni namba tasa. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Ua la upana wowote litakatika. Toa tano."

"Elfu moja na nane," alisema Maral. "Moja na nane, tisa."

"Kwa tisa inagawanyika. Tarakimu mbili za mwisho ni sifuri na nane. Nane inagawanyika kwa nne, basi na namba nzima pia. Kwa tisa sawa, kwa nne sawa, basi na kwa thelathini na sita ni sawa. Utapata maua ishirini na manane, yote mazima."

Gultaj akachomoa nyuzi tano. Zilienea kwenye kiganja kimoja.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu."

Gultaj akalia kwa uchungu, na Ogulsapar hakumnyamazisha.

Majira ya kuchipua Haji akaja. Alipapasa kingo zote, akatafuta kasoro, akakosa.

"Huyu mdogo abaki," alisema.

"Na Jeren?"

"Jeren ni wa zulia lile la kwanza." Akalikunja zulia, akaenda zake.

Wiki ile wanawake wa mtaa wakaja kujifunza kuhesabu mtande. Gultaj aliwafundisha wote, hata mama mkwe wake. Kila mmoja alipomaliza, alimrudisha mwanzo wa nyuzi.

"Hesabu tena," alimwambia. "Mimi sikuhesabu."