Mkeka wa Mwanasiti

Mama yake Selina alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo alipouliza mbona yule mgeni wa sebuleni hajapewa chai, Selina hakushtuka. Alikuwa amechoka mno kushtuka. Alimimina kikombe kimoja, akakiweka mikononi mwa mama yake na kusema hapakuwa na mgeni, ni koti lake tu limening'inia mlangoni.

"Koti halinukii udi," mama alisema, akanywa.

Ndipo na yeye Selina alipoisikia harufu. Nyumba yao ya Kiseke ilikuwa na harufu zake za miaka yote: dagaa, sabuni ya mche, dawa ya kuchua magoti ya mama. Ubani waliusikia kanisani siku za sikukuu, basi. Hii ilikuwa tamu zaidi na nzito, harufu ya chumba cha bibi harusi. Selina akajiambia kwamba majirani wana shughuli yao. Mtu aliyechoka huamini lolote litakalomruhusu akalale, na Selina alilala na viatu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta watu kwenye makaratasi. Mirathi ikikwama, mawakili wa mjini humtuma mahakamani akafukue majalada ya zamani, asome wosia za wazee na kesi za ndugu walioshtakiana, mpaka achore ukoo mzima kwenye karatasi kubwa: nani kamzaa nani, nani yu hai, nani aitwe. Ni kazi ya vumbi na mafua. Amesoma mengi mno ya watu waliotoana roho kwa ajili ya shamba la mihogo, na neno ndugu lilikuwa halimwambii kitu tena. Alilisema hilo waziwazi, hata misibani.

Safari hii aliyemtuma hakuwa wakili. Alikuwa Mzee Pius Luhende wa Nyakato, mstaafu wa kiwanda cha pamba, mjane asiye na mtoto, amekonda mpaka shati lilikuwa linamvaa yeye. "Nitafutie mtu wa damu yangu kabla sijafa," alimwambia. "Hata mmoja. Nyumba hii isibaki bila mtu."

Kazi haikuwa ngumu. Babu yake Mzee Pius, aliyeitwa Shimba, alikuwa mpagazi ujanani, akabeba pembe za ndovu mpaka pwani na kurudi Usukumani na chumvi, nguo na kikohozi. Alizaa wana wawili, Luhende na Chenge. Katika wosia wake aliacha ng'ombe, mashamba, nyumba, na mwishoni kabisa, "mkeka wa Mwanasiti, usitolewe chumbani." Luhende naye alipokufa alimwachia Pius nyumba ya Nyakato, pamoja na mkeka uleule.

Katikati ya wosia hizo mbili palikuwa na kesi. Ndugu wawili, Luhende na Chenge, walipelekana mbele ya baraza kwa ajili ya huo mkeka, na Selina alipoisoma alicheka peke yake pale masijala, maana kila mmoja alikuwa akiapa kwamba mkeka si wake, ni wa mwenzake. Hajawahi kuona kesi ya mirathi ambayo watu wanagombea kukosa. Baraza liliamua aubebe mkubwa. Chenge alihama siku ileile, na hakuonekana tena kwenye karatasi yoyote ya familia.

Selina aliona jibu rahisi: Mwanasiti ni mke ambaye Shimba alimpata pwani. Akamchora pembeni ya Shimba, akaendelea.

Kosa lake lilitoka kazini. Mahakamani mtu akihitajika, tarishi hutoka mlangoni na kuita jina lake mara tatu; asipoitika, huandikwa kwamba hayupo. Selina alikuwa ameichukua tabia hiyo mpaka nyumbani. Kila alipomaliza kuchora ukoo aliketi mezani, akayaita majina moja moja mara tatu kwa sauti, na yule ambaye hakuacha alama yoyote kwenye majalada alimwandikia hayupo. Ulikuwa mzaha wake mwenyewe, na katika kazi ile mizaha haikuwa mingi. Jumamosi moja mchana, mvua ikipiga bati, aliita Shimba, aliita Luhende, aliita Chenge. Kisha akaita, "Mwanasiti. Mwanasiti. Mwanasiti."

"Abee," sauti ikaitika kutoka chumbani kwa mama.

Alidhani ni mama. Jioni yake ndiyo alipoulizwa habari ya mgeni na chai. Wiki nzima ilipita kabla hajakumbuka kwamba mama yake, mzaliwa wa Sengerema, hakuwahi hata siku moja kuitika abee.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakuonekana wa kupewa jembe. Asubuhi mama alikuwa amesukwa nywele, mistari myembamba iliyonyooka, na vidole vya mama vilikuwa vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Mchana, Selina akiwa jikoni, alisikia bangili zikigongana na maji yakimiminwa taratibu kama mtu anayenawa miguu, na alipoingia chumbani sakafu ilikuwa kavu. Mama akaacha kula. Kila akipelekewa uji alisema ameshakula, mgeni kamlisha tende, na kweli pumzi yake ilinukia tende, lakini mwili ulikuwa unaisha, mikono imebaki ngozi na mishipa. Kisha Selina, akimwogesha, akamgeuza, akaona mgongo wake wote kuanzia mabegani umechapwa mistari ya msuko, ukili kwa ukili, kama wa mtu aliyelala usiku kucha juu ya mkeka mpya. Na katika nyumba ile hapakuwa na mkeka hata mmoja, mama alikuwa akilala kwenye godoro tangu magoti yaanze kumsumbua.

Aliwaita wanajumuiya. Walikuja jioni na rozari zao, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Wilhelmina, mwenye sauti ya kuvunja vioo na moyo wa kutoogopa kitu. Walisali vizuri. Mwisho wa sala wote wakasema amina, wakanyamaza, na kutoka upande wa kitandani ambako hapakuwa na mtu ila mama aliyesinzia, sauti laini ya kike, ya mtu aliyelelewa kwa adabu, ikasema amina yake peke yake. Wilhelmina alikusanya kanga yake.

"Dada Selina," alinong'ona mlangoni, "huyo hafukuzwi kwa sala. Anaitikia."

Kesho yake Selina akaenda Nyakato. Alimkuta Mzee Pius amekaa nje juani, amenenepa mashavu, anakula muhogo wa kuchemsha. Alipomwona aliacha kutafuna.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alimwangalia muda. "Umemwita."

"Nimemwita nani? Niambie vizuri, Mzee, sina nguvu ya mafumbo."

Mzee Pius akaweka sahani chini. Alisema babu yake alilala pwani kwenye nyumba iliyokuwa tupu, akaona mkeka mzuri umetandikwa, akauchukua. Mwenye mkeka akaufuata. "Watu husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Babu yangu alikuwa Msukuma, na akaubeba. Si jini mbaya, mama. Hapigi, havunji. Anataka kukaa na watu tu. Lakini anaokaa nao anawamaliza, kidogo kidogo, kama sabuni. Mke wangu alikwenda hivyo. Nilizika na watoto wawili kabla hawajaota meno."

"Ulinituma nikutafutie mrithi wa nyumba."

"Nilikutuma unitafutie mtu wa kumpa. Nilitaka kufa nimelala." Alikuwa analia, bila sauti, machozi yakimwagika tu. "Lakini sikutaka aende kwako. Kwako hana damu, kwa hiyo anajishika kwa aliye dhaifu. Nani dhaifu nyumbani kwako?"

Selina alimchukia mzee yule kwa moyo wote, na alimwelewa, na hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

"Anatokaje?"

"Aitwe mara tatu kwenye nyumba yenye damu ya Shimba. Akiitika, amehamia huko. Kwangu hatarudi, damu yangu ameshaimaliza. Je, ulimpata mtu?"

Alikuwa amempata. Siku ileile ya mvua, kabla ya kuyaita majina, alikuwa ameshaandika jina la Tereza, kitukuu wa Chenge aliyemfikia kupitia daftari la ubatizo la parokia, anayekaanga samaki karibu na stendi ya Buzuruga. Alikwenda moja kwa moja kutoka Nyakato, kwa miguu, asipate nafasi ya kujishauri.

Tereza alikuwa na mimba ya kujifungua siku yoyote. Alimkalisha Selina kwenye kiti pekee ndani ya chumba chake cha kupanga, akamwekea sato na ugali kabla hata ya kumuuliza shida yake, na Selina alipomweleza kwamba ametoka kwa ndugu yake, kwamba ana ukoo unaojulikana mpaka kwa babu wa bibi yake, yule binti alikaa chini sakafuni na tumbo lake.

"Mimi nilijua nimeokotwa tu," alisema. "Bibi alikufa bila kusema kwao. Kila mtu hapa mtoto wake anampa jina la ukoo, mimi ningempa la nani? La muuza mkaa wa hapa nje?" Alicheka, akajifuta macho kwa kanga. "Nitakuita shangazi. Wewe ndiye umeniletea ndugu."

Selina alikula. Samaki alikuwa mtamu, na hilo lilimuumiza. Alipomaliza alimwachia namba yake ya simu, akaaga, akatoka, akasimama nje ya kizingiti. Alimfikiria mama yake na ule mgongo. Alijiambia kwamba Tereza ni kijana, ana afya, ana damu yao, mzigo ni wa kwao. Na mama ana mtu mmoja tu duniani.

"Mwanasiti," akaita, kwa sauti ya chini.

"Unamwita nani, shangazi?" Tereza akauliza kutoka ndani.

"Mwanasiti," akaita tena, na harufu ya udi ikaja juu ya harufu ya mafuta ya samaki, ikaja toka nyuma yake, kama mtu amefika na kusimama bega kwa bega naye akisubiri kukaribishwa. Ndani Tereza alikuwa anajikongoja kuinuka, mkono mmoja umeshika kiuno. Selina akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi. Akaufunga.

"Simwiti mtu," alisema. "Nilikuwa nalikumbuka jina."

"Ni zuri. La ukoo wetu hilo?"

Selina alikuwa ameshageuka kuondoka. Alikuwa na machozi na hakutaka kuonekana, na mtu aliyechoka hujibu ili aachwe.

"La zamani sana," alisema, akaenda zake.

Nyumbani alimwambia mama yake kila kitu, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba radhi kwamba ameshindwa. Mama alimpapasa kichwa. Alisema yeye ameishi vya kutosha, na mgeni ana mkono mwepesi wa kusuka. Siku zilizofuata Selina hakwenda mahakamani. Alikaa pale, akimlisha mama uji kwa kijiko, akisikiliza bangili.

Kisha asubuhi moja alifungua macho akasikia majogoo. Majogoo tu. Nyumba ilinukia dagaa na sabuni. Mama alikuwa ameketi kitandani, anakuna kichwa chenye nywele zilizofumuka.

"Mgeni ameondoka," alisema. "Hata hakuniaga. Hakuna uji humu ndani?"

Alikunywa vikombe viwili. Selina alimtazama akinywa, akafunua gauni mgongoni, akaona ngozi imenyooka, na furaha ikamjaa mpaka akahitaji kushika ukuta. Alikuwa bado ameushika simu ilipolia.

"Shangazi, shikamoo," Tereza alisema. Sauti yake ilikuwa nyonge na yenye raha. "Nimejifungua jana, msichana. Tumesharudi nyumbani. Ana mistari mistari mgongoni, kama ya mkeka, nesi amesema itaisha. Nimempa jina la ukoo wetu, lile ulilonitajia, tangu jana namwita hilo."

"Tereza," Selina alisema. "Tereza, nisikilize. Mbadilishie jina. Usimwite. Usimwite hilo jina, mama."

"Sikusikii vizuri, shangazi, kuna kelele za mabasi. Subiri nimwamshe umsalimie." Simu ilisogezwa. Sauti ya Tereza ikawa ya mbali kidogo, ya kubembeleza, ile ambayo kila mama huitumia kwa mtoto ambaye bado hajui kusema. "Mwanasiti. Mwanasiti, eh? Mwanasiti, msalimie shangazi."

"Abee," mtu mzima akaitika.

Selina alisikia pumzi ya Tereza, na mabasi, na bangili zikishuka mkononi taratibu. Simu ikakatika. Alipiga tena na tena, haikupokelewa. Alijua kwamba inambidi aende Buzuruga, sasa hivi, bila hata ya kunawa uso, na akaketi ukingoni mwa kitanda ili avae viatu. Mama yake alikuwa ameshalala tena, shavu juu ya godoro, anakoroma kwa amani. Nyumba ilikuwa kimya kama ambavyo haikuwa kwa siku nyingi mno. Selina alishika kiatu kimoja mkononi, akakitazama, na usingizi ukamchukua hapohapo, mtamu, bila ndoto, mpaka jua lilipozama.