Mshiriki Namba Tisa

Makala ilikuwa yangu, neno kwa neno... jina juu yake lilikuwa la mume wangu.

Nyie, nilikaa chini palepale koridoni, jarida mkononi.

Sote wawili tunatafiti kipaji cha kuona yaliyofichwa. Mshiriki anapewa bahasha iliyofungwa, anataja picha iliyo kwenye kadi ndani. Nilipima watu arobaini peke yangu, nikaandika, nikapeleka kwenye jarida. Mhakiki, ambaye mwandishi haruhusiwi kumjua, akaikataa.

Nikamfuata mume wangu ofisini.

"Mhakiki ulikuwa wewe?"

"Punguza sauti, mke wangu."

"Umeniibia."

"Ingetoka kwa jina lako, nani angesoma? Nenda nyumbani ukapumzike."

Akarudi kwenye kompyuta yake.

Asichojua... baada ya kukataliwa nilirudia jaribio. Bahasha zetu zilikuwa nyembamba mno. Ukikaa karibu na dirisha, picha inaonekana. Watu waliona tu, wengine bila hata kujijua.

Ningeweza kumwambia. Nikanyamaza miezi minne, nampikia, namnyooshea mashati, nasubiri mhadhara wake wa kupandishwa uprofesa.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa. Akamsimamisha mama mmoja mshonaji, mshiriki namba tisa, aliyepatia kadi zote. Nilimkumbuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkalisha dirishani.

"Huyu ndiye ushahidi wangu," mume wangu akasema.

Nikapanda jukwaani na bahasha moja ya jaribio, nikaishika mbele ya taa.

"Jamani, mnaona nini humu?"

"Nyota," ukumbi mzima ukajibu. Halafu wakacheka mpaka mkuu wa idara akafuta machozi. Mume wangu akakusanya karatasi zake. Nilisikia raha, sitawadanganya.

Mlangoni yule mshonaji akanishika mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo sina kipaji?"

"Huna, mama."

"Mwanangu nilimzika mwaka jana. Tangu mumeo anionyeshe ile makala, naongea na mwanangu kila asubuhi. Ananijibu."

Akaitazama bahasha mkononi mwangu.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Zaidi ya miezi minne..."

Akaniachia mkono taratibu, akaenda zake.

Uprofesa mume wangu aliukosa, na ndoa imeisha. Lakini ndugu zangu, ukiwa na ukweli, useme siku hiyohiyo. Mimi niliufuga ili umkomeshe mtu mmoja, ukamvunja mama ambaye hakuwahi kunikosea.

Namba yake ya simu ninayo kwenye fomu. Mpaka leo sijapiga.