Jumapili za Petronila

Kila asubuhi Nyangi alimsaidia mama yake, Petronila, kuanika dagaa nyuma ya nyumba yao pale Nyegina. Jumapili kengele ilipolia, Nyangi alikwenda kanisani peke yake. Mama alibaki, eti anafukuza korongo wasile dagaa.

Korongo wa watu walisingiziwa bure. Tangu uzazi mgumu wa Enos, mdogo wake Nyangi, Petronila alikuwa akitokwa na mkojo bila kujizuia. Alikaa karibu na dagaa ili harufu yao ifunike ile nyingine. Ili mkojo upungue, maji alikunywa tone kwa tone, na Nyangi, kwa kumpenda, alimfichia mtungi kabisa.

Kipaimara cha Nyangi kilipokaribia, mama alisema hatahudhuria. Nyangi akaenda kwa msimamizi wake, Wegesa, muuguzi wa zahanati.

"Hivi mama yako anakuwaga wapi Jumapili?" Wegesa aliuliza.

Nyangi alianza habari ya korongo, lakini akaiacha njiani. Akasema yote huku akilia.

Jioni Wegesa alifika kwao. Petronila alimtazama binti yake kwa jicho kali, kisha akainamisha uso. Wegesa alimweleza taratibu kwamba uchungu wa uzazi wa muda mrefu ulimtoboa kibofu. Huo ulikuwa ugonjwa uitwao fistula. Haukuwa laana wala uchafu, na madaktari hushona tundu hilo. Maji anywe kwa wingi, kwani kujinyima huufanya mkojo uwe mkali na kuunguza ngozi. "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada," alimwambia.

Siku ya Kipaimara ilimkuta Petronila hospitalini, ameshafanyiwa upasuaji. Misa ilipokwisha, Wegesa alimpeleka Nyangi wodini akiwa na gauni lake jeupe. Nyangi alisimama mbali, akiogopa kwamba mama bado ana hasira. Mpira wa mkojo ulikuwa umeshatolewa, na shuka lilikuwa kavu. Petronila alimvuta binti yake kitandani, karibu kabisa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Enos azaliwe.

"Nilikukasirikia sana, mwanangu," alisema. "Nilidhani umenivua nguo mbele za watu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa najificha, na wewe ukanitafutia dawa. Ugonjwa wa mwili si aibu. Ukiumwa, sema kwa mtu anayeweza kukusaidia."