Kasha la Ottilia na Mkeka wa Usipa

Serafina alifagia uwanja, akabandika maji ya uji. Kisha akachukua kapu la usipa, dagaa wa ziwani, aende kuanika. Alipofika pale anapoweka mkeka wake wa kuanikia, hakuuona.

"Hee! Mwanamume huyu!" alisema peke yake. Hakuwa na haja ya kuuliza nani kauchukua.

Mumewe, Othmar, alikuwa seremala pale Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, naye alikuwa amerudi kutoka keya, jeshi la Mwingereza. Kazi aliijua. Taabu ilikuwa meza yake ya kazi. Juu yake palijaa gundi iliyoganda, vichwa vya misumari na makovu ya msumeno. Kila ubao uliolazwa hapo uliinuka na mikwaruzo. Serafina ndiye aliyezisugua mbao hizo kwa msasa, na alikuwa amechoka hasa. Wiki iliyopita Othmar aliifunika meza kwa kanga mpya ya mkewe, akaitoboa kwa patasi.

Sasa palikuwa na kasha la Ottilia, mtoto wa dada yake Serafina. Ottilia alikuwa anaolewa Jumamosi, na kasha lilikuwa la kuwekea nguo zake. Serafina alimwahidi dada yake kwamba litapendeza. Likikataliwa, uso wake angeuweka wapi?

Alimkuta Othmar mezani. Kifuniko cha kasha kilikuwa kimelala kifudifudi juu ya mkeka wa usipa.

"Baba Methodi, ni nini hiki?"

"Mkeka ni laini, mama Methodi. Unalinda mbao."

"Unalinda! Hebu kiinue tuone."

Othmar alikiinua. Kifuniko kilikuwa na mikwaruzo na madoa ya mafuta. Kilinuka usipa. Chini ya meza paka wa jirani alikuwa amekaa, anakitazama kwa hamu.

"Bibi harusi avae nguo zinazonuka usipa!" Serafina alipaza sauti. "Wakwe watasemaje? Mimi nasema na mtu au nasema na jiwe?"

"Basi nitaweka bati," Othmar alinung'unika.

"Bati! Ili kikwaruzike zaidi?"

Mzee Hyasinti, jirani yao, alisikia kelele akaja. Yeye alikuwa fundi wa miaka mingi katika karakana ya misheni.

"Shikamoo, mzee," walimwamkia.

"Marahaba. Kulikoni asubuhi yote hii?"

Serafina alimweleza. Mzee Hyasinti akaupapasa mkeka, akasugua vidole vyake.

"Mchanga wa ufukweni umejaa humu," alisema. "Ndio uliokwaruza. Na mafuta ya samaki yanaingia kwenye mbao. Vanishi haishiki juu ya mafuta."

"Kwa hiyo kasha ndiyo basi tena?" Serafina aliuliza.

"Hapana. Mafuta hayajaingia ndani sana. Othmar atapiga randa upya. Lakini kwanza atengeneze meza, la sivyo mtarudi palepale."

"Niifunike kwa nini sasa?" Othmar aliuliza.

"Anza kujiuliza unafanya kazi gani juu yake. Wewe unakata na kupiga patasi. Funika kwa ubao mwembamba, ulionyooka. Ufunge kwa skrubu, na vichwa vyake uvizamishe visiguse kazi yako. Ubao ukichakaa unaufungua, unaweka mwingine. Meza inabaki nzima."

"Na gundi ikidondoka?"

"Upake ubao nta ya nyuki, kidogo tu. Gundi itabanduka. Ila nta usiiyeyushe juu ya moto, itawaka. Weka kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto. Na bati liache. Litakula makali ya patasi zako."

"Na mbao nilizokwisha kuzilainisha?" Serafina aliuliza. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Hizo zilaze juu ya blanketi nene la sufu. Likung'uteni kila mara, lisibaki na mchanga wala vumbi."

Serafina aligeuka polepole akamtazama mumewe. Nyumba nzima ilikuwa na blanketi moja tu la sufu. Othmar alikuja nalo kutoka keya, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulikalia.

"Lile hapana," Othmar alisema upesi.

"Kanga yangu sawa? Mkeka wangu sawa? Lile ndiyo hapana?"

Mzee Hyasinti alitazama ziwani, akajitia hasikii. Othmar aliingia ndani, akakaa humo kitambo. Alitoka na blanketi amelikunja vizuri, amenuna.

Siku ileile alifunga ubao mpya, akaupaka nta. Kesho yake alipiga kifuniko randa. Serafina alikisugua, akakilaza juu ya blanketi. Kilipoinuliwa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akapiga vanishi, ikashika.

Jumamosi kasha lilipelekwa kwa wakwe. Bonifasia, mama wa bwana harusi, alikuwa bingwa wa kutafuta kasoro. Alipitisha kiganja juu ya kifuniko. Akalifungua, akaingiza kichwa chote, akanusa.

"Linanukia mninga," Bonifasia alisema. "Kalitengeneza nani? Na mimi nataka la namna hii."

"Mume wangu," Serafina alijibu. Wiki nzima hakuwa amelitamka neno hilo bila hasira.

Othmar alikuwa nyuma yake. Akamnong'oneza, "Na blanketi langu."