Kila Saa na Mshahara Wake

Mama Kasuku alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka. Tarehe kumi na sita walimtoa kwenye mashine za kufulia wakampeleka kwenye pasi. Huko mshahara ni mkubwa zaidi, na joto pia.

Binti yake, waliyemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, alikuwa haoni ubaoni. Miwani yake ilikuwa tayari dukani, lakini bado walidaiwa laki moja. Mama alitegemea ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada. Mwezi ule alifanya saa thelathini za ziada.

Mshahara ulipotoka, ovataimu ilikuwa elfu tisini.

"Wamenipunja," alimwambia mumewe. "Mpiga pasi analipwa elfu tatu na mia sita kwa saa ya ovataimu. Mara thelathini ni laki moja na elfu nane."

"Kesho nakwenda kumwambia huyo mhasibu aache wizi."

"Nenda. Kesho kutwa nitakuwa hapa nyumbani nakupigia pasi wewe."

Kuta za pale ni nyembamba. Jirani yao, mama aliyestaafu ukarani wa mishahara, alisikia yote. Akaja.

"Hodi, wagomvi."

"Karibu, mama. Hatugombani, tunaibiwa."

"Ngoja kwanza. Mwanangu, tarehe kumi ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nafua."

"Kwa mshahara upi?"

"Ule wa zamani."

"Basi na ovataimu ya siku hiyo ni ya mshahara wa zamani. Huwezi kufua ukalipwa bei ya pasi."

Mume akacheka. "Kumbe mwizi ninalala naye."

"Usicheke, na ofisi imekosea. Imelipa saa zote kwa mshahara wa zamani, kama vile hakuhama."

Akawaonyesha. Gawanya mwezi pale mshahara ulipobadilika, kisha hesabu kila upande peke yake. Mkataba wa Mama Kasuku unasema saa moja ya ziada inalipwa kama saa moja na nusu. Kabla ya kuhama, saa yake ya kawaida ilikuwa elfu mbili. Ongeza nusu, ni elfu tatu. Alifanya saa kumi za ziada: elfu thelathini. Baada ya kuhama, saa ya kawaida ni elfu mbili na mia nne. Ongeza nusu, ni elfu tatu na mia sita. Alifanya saa ishirini: elfu sabini na mbili.

"Laki moja na elfu mbili," Mama Kasuku alisema polepole. "Miwani inatoka."

"Inatoka. Kesho nenda na mkataba na barua ya kuhamishwa. Na neno wizi liache hapa hapa. Wewe mwambie tarehe tu."

Alifanya hivyo. Mhasibu alisoma barua, akajikuna kichwa.

"Nilitumia mshahara wa mwanzo wa mwezi. Samahani, dada."

Siku ile ile akamwongezea elfu kumi na mbili.

Jumamosi Kasuku alivaa miwani. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kimya, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika nyumba ile.

"Baba, kumbe una mvi."

"Ulidhani ni nini?"

"Vumbi."

Mama Kasuku alicheka mpaka akakaa chini.