Kifurushi Alichokifunga Ustadhi Gardezi

Harufu ya karafuu maiti ilitoka kwenye kompyuta, mchana kweupe, sala ya alasiri ndiyo kwanza imekwisha. Zartaj alidhani ni pazia. Akalitoa nje, harufu ikabaki.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika wodi ya watoto njiti, mjini Multan, na wiki hiyo alikuwa pia mzazi wa hapo: bintiye wa siku tano alilala kitanda cha nne akipumulia mashine. Mashine zote zilitii kompyuta moja ya Linux, na ndani yake kifurushi kimoja cha programu ya bure kilichowapimia watoto hewa. Kila kifurushi huandikwa jina la mlinzi wake, yaani fundi anayekitunza. Hiki kiliandikwa Ustadhi Gardezi, na Gardezi, jamani, yuko kaburini mwaka wa tisa!

Ndiye fundi aliyemtangulia Zartaj wodini, na ndiye aliyekifunga. Toleo jipya liliwahi kuzima mashine, akaapa hakitasasishwa tena. Akakitia kufuli na kuandika: "Kaa hapo. Usitoke." Mafundi ndivyo walivyo, kinachofanya kazi hawakigusi hata kikiota ukungu. Miaka ikapita, kikajaa matundu, na kitu kikapata pa kuishi.

"Dada Zartaj," muuguzi Parveen alinong'ona, "hebu ona."

Kwenye kumbukumbu za kifurushi, kila alasiri, palikuwa na mstari mpya: *Nipo. Gardezi.*

"Nani anaandika?"

"Nitajulia wapi? Mimi kazi yangu sindano!"

Zartaj aliogopa, tena sana, lakini akaona bora akisasishe amalize. Kufuli likafunguka, toleo jipya likaanza kushuka, na papo hapo feni za wodi nzima zikanyamaza, harufu ikapanda hadi macho yakamwasha, na kutoka kwenye spika ya kengele kikasikika kikohozi kizito, cha polepole, huku kule kitanda cha nne kifua cha bintiye kikishuka na kukataa kupanda.

"Rudisha!" Parveen alilia. "Rudisha, unamuua mwanao!"

Akarudisha toleo la zamani. Kifua kikapanda.

"Kile kikohozi," Parveen alisema, "ni cha Ustadhi."

Kesho yake alasiri akaletwa Pir Qutbuddin, mtoa majini. Alisoma, akapuliza, akaweka sikio kwenye kompyuta, akakaa hivyo muda mrefu mno.

"Huyu ni jini aliyevaa sauti ya Ustadhi. Aliingia mwenyewe, mwanangu, lakini alikuta amri ya kukaa, akaishika. Wa kumruhusu atoke ni mlinzi aliyeiandika."

"Amekufa! Mtoe kwa nguvu, baba, nakuomba!"

"Nikimtoa, atatoka na pumzi zote anazozipima. Vitanda vingapi?"

"Kumi na kimoja."

Mzee akakunja tasbihi yake. "Mpe mlinzi aliye hai, labda atatulia. Zaidi ya hapo sina. Nisamehe."

Zartaj alibaki mbele ya kioo cha kompyuta akilia bila sauti. Angefanya nini? Akafuta jina la marehemu, akaandika lake. Safari hii feni hazikunyamaza. Harufu ikaondoka kwenye kompyuta. Akainusa kwenye vidole vyake mwenyewe.

Kisha mstari ukajiandika, taratibu, herufi baada ya herufi:

*Mlinzi: Zartaj. Wa baada yake: Mehrgul.*

Mtoto alikuwa apewe jina kesho, siku ya saba. Jina hilo Zartaj alikuwa amelichagua moyoni tu. Hata mumewe alikuwa hajaambiwa.